Homa ya mtoto: tusitoe hukumu kabla ya ushahidi

Katika kila mkutano wa kamati ya msikiti wetu, hapa jijini Dar es Salaam, ajenda ya mwisho kabla ya dua huwa ni mfuko wa wagonjwa. Mweka hazina husoma daftari, sisi husikiliza, kisha huweka saini. Ni mfuko mdogo unaotokana na sadaka za waumini baada ya Sala ya Ijumaa, na sehemu kubwa ya fedha zake huwaendea watoto. Kwa miaka kadhaa tumeweka saini zetu bila kuuliza neno. Nani ataanza kuhoji mbele ya mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa?

Katika mkutano mmoja baada ya masika, jina la mtoto mmoja lilisomwa mara tatu. Ni mwanafunzi wa madrasa yetu, wa miaka minne, ambaye tunamfahamu vizuri kwa sababu ndiye anayeitikia "Amin" kwa sauti kuliko wote. Ndani ya wiki nne tulikuwa tumemlipia dawa za malaria, kisha sindano za malaria, kisha dawa za homa ya matumbo. Siku ambayo daftari lilikuwa likisomwa, mtoto huyo alikuwa amelazwa hospitali, akipumua kwa msaada wa oksijeni. Ugonjwa wake haukuwa malaria wala homa ya matumbo. Ulikuwa kichomi, yaani nimonia.

Tunayaandika haya kwa idhini ya wazazi wake, na baada ya kuona kwamba sisi wa kamati tulikuwa na mkono wetu katika jambo hilo. Fedha za mara zote tatu zilitoka kwetu.

Ilivyokuwa

Mara ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Mtoto alishikwa na homa, mama yake akampeleka zahanati, akatobolewa kidole, na kipimo cha haraka kikaonesha malaria. Akapewa dawa ya mseto kwa siku tatu, akaimaliza yote, akapona. Baada ya siku chache akarudi madrasa na "Amin" yake.

Wiki mbili baadaye homa ilirudi, safari hii ikiwa na kikohozi. Mama akamkimbiza mahali pa tiba palipo karibu zaidi na nyumbani. Kipimo cha haraka kikarudiwa, na mstari wa malaria ukajitokeza tena. Wakaambiwa kuwa hiyo ni malaria sugu, dawa ya kwanza haikufanya kazi. Mtoto akachomwa sindano. Homa haikuteremka. Akarudishwa, damu ikachukuliwa tena, wakaambiwa ana homa ya matumbo pia. Dawa zikanunuliwa, lakini nusu tu, kwa kuwa fedha tulizotoa hazikutosha.

Aliyeokoa jahazi alikuwa bibi yake. Usiku ule alikaa naye kitandani, wakamsomea, na yeye akawa anamtazama kifua. Tulipokwenda kumzuru mgonjwa, bibi alituambia: "Mwanangu Ustadh, mimi sijui kipimo. Lakini mtoto amelala na anahema kama aliyekimbia. Nikamwambia mama yake, amka, huyu si wa kungoja alfajiri."

Hospitalini, jambo la kwanza alilofanya muuguzi halikuwa kuchukua damu. Alifunua shati, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 56. Damu ilipotazamwa kwa hadubini, haikuwa na vimelea vya malaria. Daktari alipotueleza, hakumlaumu mtu. Alisema kipimo cha pili hakikusema uongo: kilieleza kuwa mtoto alikuwa na malaria siku zilizopita. Kosa lilikuwa la aliyekisoma kana kwamba kinazungumzia leo.

Alhamdulillah, mtoto alipona. Lakini maneno hayo ya daktari yalitufanya tutafute elimu zaidi, na makala hii ni matunda ya kuwauliza wajuzi na kusoma.

Magonjwa mengi, sura moja

Ugumu wa homa ni kwamba maradhi mengi huja kwa sura moja. Jambo hili si geni katika historia ya tiba. Tabibu mkubwa al-Razi, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika risala mashuhuri ya kutofautisha ndui na surua, magonjwa mawili ambayo yote huanza kwa homa na kuishia kwa vipele. Yeye hakuwa na hadubini. Alikuwa na macho, subira na daftari. Aliona kwamba kumtibu mgonjwa bila kujua ni ugonjwa upi kati ya yale yanayofanana ni kumdhulumu.

Katika nchi yetu homa ya mtoto imeitwa malaria kwa miaka mingi, na haikuwa bila sababu, kwani malaria imeua na inaendelea kuua watoto wetu. Lakini mazoea yana hatari zake. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 wa rika zote, watoto na watu wazima, walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa makini, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, hawafiki nusu. La kusikitisha zaidi, wale wasio na vimelea ndio waliofariki kwa wingi zaidi: takriban 12 katika kila 100, ikilinganishwa na 7 katika kila 100 waliokuwa na malaria kweli. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa mwingine, na hawakupewa dawa ya ugonjwa huo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, ulifanyika hapa Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 1,005 wenye homa, wa umri usiozidi miaka 10, walipimwa karibu kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila 10. Homa ya matumbo haikufika watoto 4 katika kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi na mepesi. Kwa jumla, watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hautibiwi kwa dawa ya malaria wala kwa antibaiotiki.

Tukitazama takwimu hizi kisha tukitazama daftari letu la mfuko, tunaona aibu. Daftari letu lina maneno mawili tu: malaria na taifodi.

Mashahidi wa aina tatu

Sisi tuliosoma vyuo vya dini tulifundishwa kwamba kadhi hapokei ushahidi kabla ya kumuuliza shahidi: umeona nini hasa, na umeona lini? Tumegundua kwamba vipimo vya damu vinahitaji kuulizwa maswali hayohayo. Kuna vipimo vinavyomwona mdudu mwenyewe. Kuna vinavyoona alama aliyoiacha. Na kuna vinavyoona namna mwili ulivyopambana naye. Shahidi aliyemwona mwizi, aliyeona nyayo zake, na aliyesikia kelele za majirani, wote wanaweza kuwa wakweli, lakini hawalingani.

Kipimo cha malaria kwa hadubini ni cha aina ya kwanza. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu wa maabara hutazama vimelea kwa jicho lake. Tone nene humsaidia kuvipata hata vikiwa vichache, na tone jembamba humsaidia kutambua ni vya aina gani. Anaweza pia kuvihesabu, na hivyo kujua kama dawa inavipunguza. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea macho ya mtu, ubora wa rangi na muda. Mtaalamu aliyechoka, mwenye foleni ya watu hamsini, anaweza kukosea.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijibao cheupe, ni cha aina ya pili. Hakimwoni mdudu. Aina inayotumika sana hutafuta protini ambayo vimelea vya malaria huiachia ndani ya damu. Ni kipimo kizuri, hakihitaji umeme wala hadubini, na hutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20. Ni kwa msaada wake ndipo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010, lilipoweza kupendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na hata zahanati ya kijijini ikaweza kutekeleza. Lakini protini ile haiondoki siku mdudu anapokufa. Hubaki katika damu kwa wiki mbili, pengine mwezi, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita akapona, akipimwa leo kwa kijibao hicho anaweza kuonekana ana malaria. Hapo ndipo mtoto wetu wa madrasa alipoponzwa. Katika hali kama hiyo, kinachofaa ni hadubini.

Mzazi anaweza pia kukagua jambo moja kwa macho yake. Kijibao kina mstari wa uthibitisho. Usipotokea mstari huo, kipimo hakikufanya kazi, na hakuna jibu lolote la kusomwa hapo. Kirudiwe kwa kijibao kingine.

Kisa cha taifodi

Kipimo kinachotumika sana mitaani kwa homa ya matumbo kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu wa Kifaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hiki ni shahidi wa aina ya tatu. Hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo, bali kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaandaa dhidi yake. Sasa askari hao hubaki kazini muda mrefu baada ya vita kwisha. Mtu aliyeugua zamani, au aliyechanjwa, anaweza kuwa nao. Bakteria wengine wanaofanana na yule wa homa ya matumbo nao huwaamsha askari wa namna hiyo, na hata malaria inaweza kuvuruga jibu. Kwa upande wa pili, mtoto aliyeanza kuugua homa ya matumbo siku tatu zilizopita anaweza kuonekana hana, kwa sababu mwili bado haujawaandaa askari wa kutosha.

Ndiyo maana kipimo kimoja cha Widal, kilichofanywa mara moja, hakitoshi kumhukumu mtoto. Kinachofaa zaidi ni kulinganisha damu ya mwanzo wa ugonjwa na damu ya siku kadhaa baadaye, ili kuona kama askari wanaongezeka. Mitaani kwetu nani anayerudi kupima mara ya pili? Tunasoma "chanya", tunanunua dawa, tumemaliza.

Jambo hilohilo la kingamwili ndilo linaloeleza kwa nini mtoto mchanga aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya ukimwi hapimwi kama mtu mzima. Kingamwili za mama hupita kwa mtoto tumboni, na zinaweza kubaki kwake hadi karibu miezi 18. Zikionekana, hazithibitishi kwamba mtoto ameambukizwa. Kwa hiyo matone machache ya damu ya kisigino huwekwa kwenye karatasi maalumu, hukaushwa, na kupelekwa maabara ambako virusi wenyewe hutafutwa. Kipimo hicho hufanywa mapema, kwa kawaida wiki ya nne hadi ya sita. Tunalitaja hili kwa sababu ya stara inayotakiwa: mama wa namna hiyo asiogopeshwe na maneno ya barazani, aende kliniki, afuate ratiba aliyopewa. Dawa zipo, na watoto wengi huzaliwa na kukua salama.

Chembe nyeupe na protini ya ini

Kipimo kinachoitwa picha kamili ya damu huhesabu chembe za damu kwa mashine. Chembe nyeupe ni askari wengine wa mwili. Mara nyingi bakteria huongeza aina moja ya chembe hizo na virusi huongeza aina nyingine, lakini hiyo ni dalili ya kuelekeza, si hukumu. Kipimo hiki huonesha pia wingi wa damu, jambo muhimu sana kwa mtoto wa nchi yenye malaria.

Hapa tunawatahadharisha wazazi wanaopenda kusoma karatasi wenyewe. Mashine huweka herufi H palipo juu ya kiwango na L palipo chini. Lakini damu ya mtoto si ya mtu mzima iliyopunguzwa. Katika miaka ya mwanzo ya maisha, mtoto kwa kawaida huwa na wingi wa zile chembe ambazo kwa mtu mzima tungesema ni dalili ya virusi. Mashine iliyowekewa viwango vya watu wazima itaweka H mbele ya mtoto mzima kabisa. Mwenye kusoma karatasi hiyo awe ni daktari anayejua umri wa mtoto.

Kipo kipimo kingine ambacho baadhi ya vituo sasa wanacho, kinachopima protini inayoitwa CRP. Protini hii hutengenezwa na ini mwili unapovamiwa. Iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York, katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Huanza kupanda saa chache baada ya maambukizi na kufikia kilele baada ya takriban siku mbili. Ikiwa juu sana, daktari hushuku bakteria; ikiwa chini, na mtoto yuko katika hali nzuri, anaweza kumwacha bila antibaiotiki. Nayo ina mipaka yake: malaria huipandisha, baadhi ya virusi huipandisha, na ukiipima mapema mno itakuwa bado haijapanda.

Faida yake inapotumiwa kwa utaratibu imeonekana hapahapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Dar es Salaam wenye umri wa miezi 2 hadi 59, ulilinganisha njia mbili za kumhudumia mtoto mwenye homa. Njia moja ilifuata dalili pamoja na vipimo vichache tu. Nyingine iliongeza vipimo vya papo hapo, CRP ikiwemo. Katika njia ya kwanza, watoto takriban 30 katika kila 100 walipewa antibaiotiki; katika ya pili, takriban 11 au 12. Na hawa wa pili hawakudhurika, bali waliozidiwa miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Antibaiotiki isiyo na sababu ni israfu ya mali, na pia huwafundisha bakteria kuistahimili. Siku mtoto atakapoihitaji kweli, isije ikamkosa.

Shahidi anayechelewa

Shahidi mwenye nguvu zaidi dhidi ya bakteria walioingia katika damu ni kuotesha damu. Damu huingizwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikahifadhiwa kwenye joto, na wakisha kuzaliana hutambuliwa kwa jina. Kisha hujaribiwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaua. Kwa homa ya matumbo, hiki ndicho kipimo cha kutegemewa kuliko Widal, ingawa nacho hakiwapati wote.

Taabu yake ni muda. Jibu huchukua siku moja hadi tano, na kipimo chenyewe hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Mtoto mahututi hangojewi siku tano. Daktari huchukua damu, huanza dawa, kisha huirekebisha majibu yakitoka. Na kuna jambo ambalo wazazi tunaliharibu wenyewe. Tukimpa mtoto antibaiotiki ya dukani asubuhi kisha tukampeleka hospitali jioni, bakteria katika chupa wanaweza wasiote, na ugonjwa ukajificha. Kwa hiyo tusimpe, na ikiwa tumeshampa, tuseme. Tusione haya. Chukueni paketi ya dawa mwende nayo.

Yale ambayo damu haiyaoni

Baada ya kusifu vipimo ni wajibu kusema mipaka yake. Kichomi kilichotaka kumchukua mtoto wetu hakikugunduliwa kwa tone la damu. Kiligunduliwa kwa kuhesabu pumzi, na kabla ya muuguzi alikigundua bibi. Hesabu hiyo kila mzazi anaweza kuijifunza. Mtoto awe ametulia, kifua kiwe wazi, mhesabu kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka mno zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Maambukizi ya njia ya mkojo nayo hutafutwa kwenye mkojo. Katika ule utafiti wa watoto 1,005, waliokuwa nayo walikaribia 6 katika kila 100, wengi kuliko wa homa ya matumbo. Basi mtoto mwenye homa isiyoeleweka, hasa msichana, aombewe pia kipimo cha mkojo. Na masikio na koo humtaka daktari mwenye tochi.

Tena ziko dalili ambazo hazingojei kipimo chochote: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, na anayehema kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, na mtoto mwenye selimundu mwenye homa, hao pia ni wa hospitali moja kwa moja. Juu ya degedege tunasema kwa uwazi: kumsomea mtoto ni jambo jema, na anaweza kusomewa njiani, katika bajaji, huku akielekea hospitali. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yametuhimiza kujitibu. Kumfunga ngamia hakupunguzi tawakkul.

Hofu ya akina bibi

Bibi zetu wana hofu moja ambayo tumeisikia mara nyingi: "Wamemtoa damu nyingi, watamkausha." Ni hofu ya huruma, tusiidharau. Lakini mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 750 hadi 800. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone dogo. Picha kamili ya damu huhitaji mililita moja au mbili, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Hata kuotesha damu kwa mtoto mdogo ni mililita chache, na mwili huzirudisha. Kinachomkausha mtoto ni malaria isiyotibiwa.

Mama amshike mtoto mapajani, amkumbatie, amwambie ukweli kwamba itauma kidogo na itakwisha. Asimwambie "haiumi", maana akidanganywa leo, kesho hatamwamini tena.

Tuulize nini?

Katibu wa kamati si daktari, na gazeti halimpimi mtu. Lakini kuuliza ni haki ya mzazi, na tabibu mwema hachukii. Tumekusanya maswali manne. Kwanza: kipimo hiki kinatafuta mdudu mwenyewe, alama yake, au kingamwili? Pili: mtoto wangu alitibiwa malaria karibuni, je, kijibao kinafaa au atazamwe kwa hadubini? Tatu: jibu likiwa hasi, tutatafuta nini kingine? Nne: asipopata nafuu, nimrudishe baada ya siku ngapi?

Na mzazi naye ana wajibu wa kusema yote: homa ilianza lini, amekwisha kunywa nini, alitibiwa nini mwezi uliopita. Kama mama wa mtoto wetu angeulizwa swali hilo la mwisho katika ziara ya pili, au angelisema mwenyewe, huenda mambo yangekwenda vingine. Hatumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lina maana.

Tulichoazimia

Kamati imebadilisha utaratibu wa mfuko. Kuanzia sasa tunalipia kipimo kabla ya kulipia dawa, na mzazi akirudi na cheti tunaandika katika daftari kipimo kilichofanyika na jibu lake, kwa siri ya mtoto. Jina la mtoto likitokea mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, hatutoi fedha za dawa za dukani. Tunatoa nauli na gharama za hospitali, na mmoja wetu anafuatana na mzazi ikiwa atahitajika. Dawa iliyoandikwa na daktari italipiwa yote, si nusu. Nusu dozi ile ilikuwa kosa letu, na tumewaomba radhi wazazi.

Vilevile, muuguzi mmoja wa jamaa zetu, mama wa makamo anayesali nasi, amekubali kukaa na akina mama baada ya darsa ya Jumamosi na kuwafundisha kuhesabu pumzi. Katika kikao cha kwanza aliyekaa mbele kabisa alikuwa yule bibi. Alipoulizwa kama anataka kujifunza, alisema kuhesabu hajui sana, ila yuko tayari kuonesha namna ya kutazama kifua.

Mtoto mwenyewe amerudi madrasa. Sauti bado haijarejea yote, lakini "Amin" tunaisikia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu wote, awabariki wanaowahudumia katika zahanati na maabara, na atusamehe sisi kwa yale tuliyoyatia saini bila kuuliza.